Njia ya Mlimani Iliyobomolewa na Mvua

Wasomaji wanaokaa pwani, au katika nchi za tambarare, huenda wasijue jinsi nchi yetu ya Bukoba na Muleba ilivyokunjwa. Migongo ya vilima imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, sambamba na Ziwa Viktoria, na kati ya mgongo na mgongo mna mabonde ya majimaji. Mahali pengine mlima huteremka polepole. Mahali pengine hukatika ghafula, pakawa na genge la mawe ya mchanga ambalo hata mbuzi hufikiri kwanza kabla ya kulipanda. Watu wamejenga juu na chini, kila nyumba ndani ya migomba na mibuni yake, shamba tuliitalo kibanja. Na nje ya vibanja ni rweya, yaani mbuga ya majani matupu. Basi mtu wa huku haendi sokoni, wala shuleni, wala kanisani, ila amepanda kwanza au ameshuka.

Njia tunayotaka kuieleza ni moja tu katika nyingi. Yaanza bondeni, upande wa Muhutwe, yapanda ubavu wa mlima hata kufika uwanda wa Kamachumu. Barabara ya magari ipo, ile itokayo Muhutwe kwenda Kamachumu mpaka Muleba, lakini kwa watu wa kitongoji chetu kuifuata ni kuzunguka sana. Njia yetu hukata moja kwa moja. Kwa hiyo ndiyo njia ya wanafunzi, ya wanawake waendao gulioni, ya wagonjwa wapelekwao hospitali ya Ndolage, na zaidi ya yote ndiyo njia ya vijana wa baisikeli.

Watu wa mbali wakisikia habari za baisikeli za mlimani hudhani ni chombo cha mchezo. Hapa kwetu baisikeli ni punda. Kijana hufunga mikungu minne, mitano, hata sita ya ndizi juu ya keria na ubavuni kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, wala hakai juu ya kiti anapokwea. Husukuma, mkono mmoja katika usukani, mkono wa pili katika fimbo iliyofungwa nyuma, kifua kikiwa karibu na mikungu. Wakati wa mavuno hufanya vivyo hivyo kwa magunia ya kahawa. Akiisha kuuza, hushuka na baisikeli tupu, na hapo ndipo apandapo kitini. Na kwa kuwa breki zimekwisha kufa zamani, hukanyaga gurudumu kwa kandambili. Mara nyingi tumesikia harufu ya mpira kabla ya kumwona mwenyewe. Pikipiki zimeingia, nazo zimechukua kazi nyingi, lakini mafuta yana bei, na njia yetu wakati wa masika haitaki pikipiki.

Mvua si mgeni kwetu. Mji wa Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambapo Dodoma katika mwaka wa kawaida haifiki 600. Wazee wana kalenda yao ya mvua. Huanza na ile ya 1961, iliyojaza ziwa miaka mfululizo hata 1964. Kisha zile za El Niño za 1997 na 1998. Kisha zile zilizoanza mwisho wa 2019, zikaendelea mpaka mwezi wa Mei 2020 kipimo cha ziwa kilichoko Jinja kikapita kidogo alama ya 1964. Baadaye ikaja El Niño ya 2023. Kila msomaji anakumbuka habari za Katesh, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba mwaka huo, matope na mawe yaliposhuka yakazika nyumba, wakafa watu zaidi ya 80. Tulisikiliza habari zile redioni, tukawaombea watu wale, tukatazama mlima wetu, tukalala.

Masika yaliyofuata, ya 2024, yalitufikia na sisi. Hayakuwa msiba kama wa Katesh, Mungu ashukuriwe, hapakufa mtu. Ilikuwa usiku mmoja wa mwezi wa Aprili. Upepo ulitangulia, ukalaza migomba kama mtu alazavyo majani kwa mguu wake, kisha mvua ikanyesha tangu saa nne hata karibu na alfajiri, wala haikupumzika. Ndani ya nyumba hatukuweza kusemezana kwa ajili ya kelele za mabati. Kulipopambazuka tulitoka, tukasikia sauti ambayo si ya mvua tena, sauti ya maji mengi yakienda mahali pasipokuwa na mto. Yalikuwa yakishuka katika njia yetu.

Maji yalipokwisha, njia haikuwapo. Palikuwa na korongo. Mahali pengine mwanamume akisimama ndani yake ukingo humfika kifuani. Mizizi ya mikaratusi ilikuwa wazi, inaning'inia. Mawe tuliyokuwa tukiyakanyaga kila siku tukidhani ni mlima wenyewe, yalikuwa yamelala chini bondeni katika shamba la viazi la mtu.

Barabara kubwa zina wenyewe. Za mikoa zina TANROADS tangu 2000, na za vijijini na mijini zina TARURA tangu 2017. Lakini kijia cha miguu, ambacho hata jina hakina, ni cha nani? Ni cha wale wakipitao. Neno hili halikuhitaji kuelezwa kwetu. Babu zetu walijua kazi ya wote. Jirani zetu wa Buganda waliiita bulungi bwansi, nao walisafisha njia na visima kwayo. Na ndugu zetu wa Rwanda mpaka leo hushika majembe Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi katika umuganda. Basi Jumapili ile tangazo likasomwa kanisani baada ya ibada, nasi tukawapelekea habari Wakatoliki na Waislamu. Wasabato walituambia kwa upole kwamba Jumamosi hawawezi, nao wakaja Ijumaa, watu tisa, wakaondoa miti yote iliyoanguka kabla sisi hatujaamka kwa kazi yetu. Jambo hili hatujalisahau.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu 61. Majembe, sururu, mapanga, karai, toroli mbili. Tukakata matawi tukayatupa korongoni, juu yake tukatia majani ya migomba, juu yake udongo, tukaukanyaga kwa miguu tukiimba. Akina mama walileta mramba, yaani maji ya ndizi yasiyochacha, na viazi vya kuchemsha. Jioni korongo lilikuwa limejaa, njia imesimama nyekundu, nzuri, laini. Mwalimu mmoja akatupiga picha. Sisi tuliokuwa viongozi wa kazi ile tulisimama katikati ya picha.

Siku ya kumi na moja ikanyesha mvua, wala si kubwa, ikachukua kila kitu. Udongo wote, matawi yote, kazi ya watu 61. Na mahali pengine ilifanya jambo baya zaidi: ilichukua udongo wa chini ikaacha wa juu, kama mchwa alavyo meza. Kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu miaka kadha iliyopita, alikuwa akikwea asubuhi na mikungu mitano. Ukingo ukakatika chini ya gurudumu. Baisikeli ikaanguka pamoja na mzigo wake juu ya mguu wake, na mfupa ukavunjika chini ya goti.

Tukamchukua kwa machela kwenda Ndolage. Palikuwa na njia gani ya kumpitishia? Ile ile. Watu wanane tulipokezana, wanne wakibeba na wanne wakishika ukingo wasianguke wenzao, na kijana hakulia ila mahali pawili. Tulifika juu jua limekwisha kupanda sana. Mama yake alikuja nyuma amebeba kandambili zake, maana hakujua abebe nini.

Jioni ile, tuliporudi, bibi mmoja mjane ambaye kibanja chake kiko chini ya chetu alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua maharage. Akatuita.

“Mwanangu Mwalimu, mmejaza shimo.”

“Tumelijaza, mama, na mvua imelifukua.”

“Je, mliyauliza maji yatokako?”

Tukacheka kidogo, tukasema, “Yatoka mbinguni, mama.”

Hakucheka. Akaweka ungo chini, akasema, “Yatoka kwako.”

Twasema “sisi”, kama ilivyo desturi ya waandikao katika kurasa hizi. Lakini mfereji tunaotaka kuutaja sasa haukuwa wa watu wengi. Mwenye mfereji ndiye aandikaye. Mwisho wa 2019, mvua zilipozidi, maji ya rweya yalikuwa yakiingia katika kibanja chetu yakichukua matandazo yote, na mibuni ilianza kuonyesha mizizi. Tulichimba mfereji juu ya kibanja, upana wa jembe moja tu, tukayaongoza maji pembeni. Kazi ilikuwa njema. Mibuni ilipona, na watu walitusifu. Hata wengine walikuja kutazama, maana mwalimu akifanya jambo hudhaniwa amelisoma kitabuni. Mfereji uliishia njiani. Hatukufikiri neno lo lote juu ya hilo. Maji yalikuwa yametoka kwetu, basi.

Bibi alituongoza mpaka pale mfereji unapokutana na njia, akanyosha kidole. Juu ya mahali pale njia ilikuwa na makovu, lakini ilikuwa njia. Chini yake lilianza korongo. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona.

“Kwa nini hamkuniambia?” Tuliuliza hivyo, na sauti yetu haikuwa nzuri.

“Utamwambia nini mwalimu?” akasema. “Yeye ndiye atusomeaye barua.”

Siku tatu hatukumwambia mtu. Twakiri pia ya kwamba jioni ya pili tulichukua jembe, giza likiwa limeingia, ili kuuziba mfereji kabla watu wengine hawajauona kama bibi alivyouona. Tulitia udongo karai nne au tano. Kisha tukasimama. Kwanza, wote walikuwa wamekwisha kuuona. Miaka minne walipita juu yake kila siku, na aliyekuwa haoni alikuwa mmoja. Pili, maji hayasikii aibu ya mtu: yakizibwa pale yangevunja mahali pengine. Tukarudi nyumbani na jembe.

Siku ya nne tulikwenda Ndolage kumtazama kijana. Mguu wake ulikuwa umefungwa plasta. Tukamweleza habari ya mfereji tangu mwanzo. Alinyamaza muda mrefu, akitazama ukuta. Kisha akauliza kama gurudumu la mbele limepinda. Tukasema limepinda, nasi tutalinyosha. Akasema, “Haya, Mwalimu.” Hakusema neno jingine, wala hatukujua kama ametusamehe au amechoka tu.

Mkutano wa kitongoji ulifanyika chini ya mwembe wa shule. Mwenyekiti alikuwa ameandika shauri moja: kuomba watu waje tena kujaza korongo. Tukaomba ruhusa tukasimama, tukasema yaliyo juu ya mfereji wetu. Wengine waliinamisha macho kwa ajili ya kutuonea haya. Mzee mmoja, fundi seremala, akasafisha koo, akasema, “Na wangu uko pale penye jiwe jeusi.” Kisha mwingine, na mwingine. Ilipokwisha tulihesabu mifereji mitano. Mtu wa sita alisema yeye hana mfereji, ila kila msimu jembe lake hula njia kwa upana wa kiganja, na sasa maharage yake yamesimama mahali ambapo baba yake alikuwa akipitisha ng'ombe. Basi ndivyo tulivyotambua ya kuwa kwa miaka mingi hatukuwa na njia. Tulikuwa na mtaro wa kitongoji kizima, nasi tukiutumia kwa kupitia.

Hapo kijana mmoja, mwuzaji wa vocha, akatoa jambo ambalo halikutarajiwa. Alikuwa amesoma katika simu yake habari za Wamarekani waendao milimani kwa baisikeli kwa ajili ya kujifurahisha, naye akasema wana elimu ya njia. Wazee waliguna. Lakini baada ya mkutano tulikaa naye tukasoma, na tuliyoyasoma yalikuwa na akili. Vijana wa California, karibu na San Francisco, katika miaka ya 1970 walichukua baisikeli kuukuu, nzito, za wakati wa wazazi wao, wakashuka nazo katika njia za mlima Tamalpais na vilima vya karibu. Mbio zao zilizoanza 1976 ziliitwa kwa jina la kutia grisi tena, maana breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na kila waliposhuka grisi iliungua ikatoka moshi, ikawapasa kuijaza upya. Tuliposoma hayo tulikumbuka kandambili za vijana wetu, tukaona watu hawa si wageni sana. Baadaye njia zao ziliharibika kwa wingi wa magurudumu na kwa mvua, wakagombana na wenye farasi na waendao kwa miguu, na mwaka wa 1988 kikaundwa chama cha kuwaunganisha, ambacho pamoja na mengine hufundisha watu wa kujitolea namna ya kutengeneza njia za mlimani.

Mafundisho yao ni haya kwa ufupi. Adui wa njia si gurudumu, bali ni maji yanayosafiri nayo. Maji yakiruhusiwa kuvuka njia hayaidhuru. Yakikaribishwa kuifuata huichimba. Kwa hiyo njia isishuke moja kwa moja kama jiwe liangukavyo, bali ikate ubavu wa mlima. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe, la sivyo maji yataiona njia kuwa ndiyo mteremko. Kwa kawaida katika hatua kumi za mbele isipande zaidi ya hatua moja. Uso wake uinamishwe kidogo kuelekea bondeni. Na kila baada ya hatua kadha njia ishuke kidogo kisha ipande tena, ili hata maji yaliyokuwa yakijificha ndani yake yapate mahali pa kutokea. Njia yetu ilikuwa imevunja kila sheria hata moja isibaki. Ilikuwa fupi, nasi tuliipenda kwa ufupi wake.

Tukapima upya. Chombo kilikuwa kile wakulima wakitumiacho kwa makinga maji: miti miwili iliyounganishwa juu, na mti wa tatu kati yake, mfano wa herufi A, juu hufungwa kamba yenye jiwe, na jiwe likitulia katikati ya mti wa kati, miguu miwili iko sawasawa. Ukitaka mwinuko mdogo, waweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Wanafunzi wa darasa la sita walitengeneza vitatu, wakajifunza hesabu siku ile kuliko tulivyowafundisha ubaoni muhula mzima. (Mawe hawakubeba. Kuna wanaodhani mwanafunzi ni toroli, sisi hatumo.)

Lakini vigingi vilipokwisha kusimikwa, shida ikaonekana. Njia mpya ilizunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ulipita katika rweya, hauna neno. Mzunguko wa pili uliangukia kibanja cha mzee mmoja. Tukamwendea jioni, mwenyekiti na sisi. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akasikiliza yote. Kisha akasema, “Baba yangu amelala pale, na babu yangu. Mnataka baisikeli zipite juu yao?” Wenyeji wa huku wanajua ya kwamba kwetu mtu huzikwa katika kibanja chake, na makaburi ndiyo hati ya shamba. Mwenyekiti alianza kumwambia habari za faida ya wengi. Tukamgusa mkono, tukasimama, tukaaga.

Palikuwa na mahali pengine pamoja tu, nasi tulipajua tangu tuliposimika kigingi cha kwanza. Ni kuupitisha mzunguko juu ya mfereji wetu, katika kibanja chetu. Tulihesabu mibuni: 38. Mwenzetu nyumbani hakupendezwa, wala hatutaki kuficha. Alisema ile ndiyo ada ya shule ya watoto na mafuta ya taa na chumvi. Alisema tena, na neno hili lilituuma kwa kuwa lilikuwa kweli, ya kwamba mwalimu alichimba mfereji bila ya kumwuliza, na sasa anaufidia bila ya kumwuliza. Basi tulimwuliza. Ikachukua juma zima. Mwisho akasema tutoe, lakini vigogo vya mibuni iwe kuni zake, na mkono wa kulia wa njia apande mananasi yake mwenyewe, fedha zake ziwe zake. Tukakubali, tukashukuru.

Kazi ilianza Juni, kiangazi kilipoingia. Jumamosi ya kwanza walikuja 40. Ya pili 26. Ya tatu palikuwa na arusi, tukawa 11. Ni vyema kusema kweli juu ya watu wa kujitolea: wengi huja penye wimbo. Safari hii hapakuwa na korongo la kujaza kwa kelele. Kulikuwa na kukata ubavu wa mlima polepole, kupima, kufukua, kupima tena, na kuleta mawe bapa ya mchanga kutoka gengeni moja moja. Watu 14 ndio waliobaki mpaka mwisho, Jumamosi saba, na karibu nusu yao walikuwa vijana wa baisikeli, ambao kila siku waliyofanya kazi hawakuuza kitu. Fundi seremala alikuwamo. Yule wa maharage alikuwamo, akarudisha njia upana wa kiganja mara nyingi. Mzee wa makaburi alikuja siku mbili na mtaimbo wake, akafanya kazi bila kusema, akaondoka. Bibi mjane alikuwa akileta maji ya kunywa, na kila alipofika alitazama uso wa njia ameinama, kama apimaye unga, akisema, “Hapa yatakaa.” Tulipofukua pale aliposema, tuliona kweli yangekaa.

Katika kutandika mawe tulikosea tena. Makinga ya kwanza tuliyajenga kama vidaraja, mawe yamesimama juu, na baisikeli yenye mzigo ilipogonga jiwe ilirudi nyuma ikamwangukia mwenyewe. Vijana ndio waliotufundisha: tuta lisiwe ukuta, liwe kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, gurudumu lipande lisijue limepanda. Tukabomoa saba, tukajenga upya. Yote pamoja yakawa 23.

Mwisho wa Septemba mwaka ule ule, njia yetu ikiwa imekwisha, tufani iliyoitwa Helene iliipiga nchi ya Marekani, na katika milima ya North Carolina mito ilichukua nyumba, barabara na watu. Yule kijana wa vocha alituonyesha picha za watu wa kujitolea wa huko wakiwa na misumeno na sururu, wakifungua njia zao za baisikeli msituni. Walikuwa na kofia ngumu na glovu nzuri. Mmoja alikuwa amesimama katika korongo, ukingo umemfika kifuani. Tulitazama picha ile kwa muda.

Vuli ilinyesha. Tulikwenda usiku wa mvua ya kwanza kubwa, na taa za mkononi, watu watano, tukasimama chini ya miavuli ya majani ya migomba kuangalia. Maji yalishuka kutoka rweya, yakafika katika njia, yakaonekana kama yanafikiri, kisha yakavuka. Katika makinga ya tisa hayakuvuka. Yalizunguka jiwe yakaanza kuchimba, tukayafungulia kwa jembe pale pale gizani. Masika ya 2025 yalivunja kona ya juu kwa urefu wa hatua sita, ikatengenezwa kwa asubuhi moja na watu wanane. Sehemu zilizobaki zikasimama. Wanafunzi wanalalamika kwamba njia imekuwa ndefu, na wengine hukata pembeni kwa kuruka. Hilo nalo lina vita vyake.

Kijana wetu alitembea kwa magongo mpaka karibu na Krismasi. Mwezi wa Machi tulimwona akikwea na mikungu mitatu. Alipofika katika mzunguko ule uliomo kibanjani mwetu, akasimama kupumzika, akaegemeza baisikeli kwenye mwamba. Tulikuwa tukipalilia. Akasema, “Mwalimu, nisukumie hapa.” Tukaweka jembe chini, tukamsukumia hata kona.

Maji yaliyokuwa yakienda njiani yanavuka sasa yanaingia sehemu ya chini ya kibanja chetu, na mibuni minne mingine ilikauka kwa kuzama. Tuliing'oa mwezi wa Julai. Mahali pale pamelowana siku zote, basi mwenzetu amepanda magimbi.